Klarineti Niliyoifukiza Kama Chombo cha Maziwa

Papa na Mama mlioketi mbele, nanyi vijana mliosimama kule mlangoni, nimeambiwa niseme bila karatasi. Si jambo jema kumwambia mtu kama mimi. Ushuhuda huu nimeujaribu mbele ya ng'ombe wa baba, na kila nilipokosea neno nilirudi mwanzo. Ng'ombe wamevumilia sana. Leo nikikosea sitarudi mwanzo, na mkinisikiliza hadi mwisho mtajua kwa nini.

Mnanijua, mimi ni mtoto wa hapa Nyamitaba, wa nyumba ya wafugaji. Vita vya Wazungu vilipokwisha nilishuka Walikale, nikapata kazi kwenye garaji ya mgodi mmoja mule msituni. Nilikuwa naosha vyuma vya mashine kwa mafuta ya taa. Fundi mkuu alikuwa Mzungu, lakini si Mbelgiji. Alitoka Ekosi, kaskazini kwa Waingereza, nchi ya mvua na milima na ng'ombe wenye manyoya marefu. Alipotusimulia habari za kwao nilidhani anasimulia Masisi yetu hii, ila kwa hayo manyoya.

Jumapili mchana alikuwa akifungua kasha jeusi, anaunganisha vipande vya mti mweusi wenye vifungo vya chuma, halafu anapuliza. Ndugu zangu, nawaambia, sikuwa nimewahi kusikia mti ukicheka. Ilikuwa klarineti, na muziki wenyewe aliuita jazi. Huko kwao alikuwa amejifundisha peke yake, akaongoza orkesitra yake mwenyewe katika kumbi za dansi, mpaka vita vikawatawanya wenzake. Sasa alikuwa ameunda nyingine na wafanyakazi wa mgodi: mmoja wa gitaa, mmoja wa akordeoni, na kaka mmoja wa ngoma, mtoto wa wakulima wa vilima vya ng'ambo yetu, mtu wa maneno mengi kuliko ngoma zake.

Mimi sikuwamo. Nilikuwa natazama vidole vya Bwana Fundi, kisha kesho yake kwenye garaji navirudia juu ya mpini wa fagio. Siku moja alinikuta.

"Weye unapiga fagio?"

"Ndiyo, Bwana."

"Inasema nini, hiyo fagio?"

"Ile wimbo ya jana, Bwana. Lakini nimekosea katikati."

Hakunicheka. Tangu siku ile alinipa klarineti kila baada ya kazi. Lakini nilipokosea nilisimama na kuanza upya, hata akachoka kunisikia nikipita mlango uleule.

"Sikiliza," akaniambia. "Bali yangu ya kwanza, dansi ya kwanza kule Ekosi, nilipiga mubaya sana, batu bakaenda kwabo. Bakabakia viti tu. Nikapigia viti mpaka mwisho."

"Kwa nini hukusimama, Bwana?"

"Viti havikuniambia nisimame."

Nilicheka, lakini sikuelewa. Wakati huo nilikuwa naelewa vidole tu.

Kontrati yake, mkataba wa kazi, ilipokwisha, alitukusanya kwenye garaji, akaniwekea kasha mikononi. "Iweke kavu," akasema. "Na orkesitra isikufe." Maneno mawili hayo. Mkitaka kujua namna wasiwasi unavyomla mtu, tazameni nilivyoyashika. Lile la kwanza nililishika mpaka nikaliua la pili.

Niliongoza orkesitra, na watu wa kambi walifurahi. Mimi sikufurahi. Katikati ya dansi, watu wameshikana mikono, nilikuwa nainua kidole na kusimamisha wimbo kwa sababu akordeoni imechelewa kidogo. "Kaka," mpiga ngoma aliniambia siku moja, "batu banacheza, weye unabarudisha shuleni." Nilikasirika. Nilijua ni kweli, ndiyo maana nilikasirika.

Kisha nikapata likizo, nikapanda huku kwetu na kasha langu. Msitu wa Walikale una unyevu, mnaujua. Nilipofungua kasha, klarineti ilinuka ukungu. Nililala vibaya kwa sababu ya harufu ile. Iweke kavu, iweke kavu. Na nyumbani kwetu, ninyi wafugaji wenzangu, chombo cha mti kikinuka tunafanya nini? Naona Mama mmoja pale ameshaweka mkono mdomoni. Ndiyo. Niliwasha majani makavu, moto mdogo wa moshi mwingi, nikavishika vipande kimoja kimoja juu yake, mdomo chini, kama Mama anavyofukiza chombo chake kabla ya kukamua. Nilifanya polepole, kwa uangalifu. Nilijiona fundi.

Mti ulilia mara moja tu. Tak! Kipande cha juu kilikuwa kimepasuka mstari mrefu, na ngozi ndogo za chini ya vifungo, zile zinazoziba matundu, zilikuwa zimejikunja. Nilipopuliza ilitoka pumzi tupu.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoanguka. Sikunywa pombe, sikuiba kitu. Nilijificha. Likizo ikaisha, sikurudi Walikale. Nilichunga ng'ombe wa baba mbali na njia, nisikutane na mtu wa kuniuliza. Nilisali, lakini sala yangu ilikuwa moja, kwamba asije mtu. Nikasikia kwamba orkesitra imekaa kimya, wananingojea. Lile neno la pili la Bwana Fundi lilikuwa linakufa, na mimi ndiye niliyelilalia.

Mtu akaja. Nilisikia kelele uani: "Hodi, kaka! Uko wapi? Ndoa yangu iko Jumamosi kule Kitshanga, na mukwe wangu ameshaambia batu bote orkesitra inakuya!"

Alikuwa kaka wa ngoma.

"Klarineti imekufa," nikamwambia.

"Nani aliiua?"

"Ni mimi. Niliifukiza."

"Uliifanya nini?"

"Niliifukiza. Kama chombo cha maziwa."

Akacheka mpaka akaketi kwenye majani. "Mama, kuya uone! Mutoto wako alitaka kukamua klarineti!"

Mama akatoka na mikono yenye maziwa. "Usimucheke. Ni mimi nilimufunza." Akanigeukia kwa sauti ya chini: "Ulitumia majani gani?"

Hapo hata mimi nikacheka. Sikuwa nimecheka tangu ule mti ulie.

Kaka akaishika klarineti, akaigeuza kama ngoma ya kwake. Alikata utepe wa ngozi mbichi ya ng'ombe, akauloweka, akauzungushia mpasuko kati ya matundu, akaukaza kwa meno. Zile ngozi ndogo za vifungo tulizibadili kwa vipande vyembamba vya ngozi ya mbuzi. "Ngozi ikikauka inakunja," akasema. "Itabana yenyewe. Sasa tunaiweka kivulini. Kivulini, kaka! Weye kaa mbali na moto."

Ilipokauka ilibana kweli. Nikapuliza, na mti ukacheka tena. Ila sauti moja ya chini ilitoka imekwaruza, nzito, mbaya.

"Siendi," nikasema. "Noti moja iko mubaya."

"Na zile zingine?"

"Zingine ziko."

"Basi nitaoa na zile zingine."

Tukaenda Kitshanga. Wimbo wa kwanza, watu wamesimama kucheza, na ile sauti ikafika. Ikakwaruza mbele ya wote. Nikaondoa klarineti mdomoni, nikainua kidole kusimamisha wimbo kama desturi yangu. Kaka wa ngoma, bwana harusi mwenyewe na suti yake, akanitazama asiache kupiga. Kisha mama mmoja mzee wa kwetu akapaza sauti kutoka nyuma: "Ndama! Anaita mama yake!" Na wanawake wote wakamjibu kwa sauti ya ng'ombe: mbuuu!

Nikakumbuka vile viti vya Ekosi. Hakuna aliyeniambia nisimame. Nikakishusha kidole, nikarudi ndani ya wimbo pale pale ulipofika. Kila sauti ile iliporudi, walijibu, wakacheka, wakaendelea kucheza. Jioni, mkwe wa kaka aliniomba niwapigie tena "ile ya ndama".

Sasa orkesitra inapiga, huko Walikale na huku. Namshukuru Mungu aliyeikataa sala yangu ya kijinga. Namshukuru Bwana Fundi, popote alipo. Namshukuru Mama, na moshi wake. Namshukuru kaka yangu wa ngoma, aliyekuja bila kungoja niwe mzima. Na kwako uliyejificha nyumbani kwa sababu kitu chako kimepasuka, nasema neno moja: kilete hivyo hivyo. Mpasuko wako sisi hatuujui mpaka uje nao, na ukija nao tunaweza kuufunga ngozi.

Nimesahau maneno matatu ya ushuhuda huu, nimeyaona yakipita. Yaende.

Wenzangu wameshaketi pale na vyombo vyao. Nitawapigia wimbo mmoja. Ile sauti bado imo, na utepe wa ngozi mtauona. Mkiisikia, Mama zangu, mnajua la kujibu.