Risasi na Mzee wa Vikombe

Nachingwea, miaka ile ya mradi wa karanga, gogo lililong'olewa na trekta na kuachwa kando ya barabara ya Ruangwa ndilo lililokuwa benchi la wanywaji kahawa ya Bashiri. Kaimu, aliyeitwa Risasi kwa mbio zake, zamani alikaa katikati ya gogo, watu wakimsogelea wasikie alivyowafunga mabao vijana wa Mnero. Siku hizi alikaa pembeni. Masimulizi yote yalikuwa ya Mzungu mmoja kikongwe, aliyekuja kuishi kwa mwanawe, fundi mkuu wa matrekta. Walisema kabati lake limejaa vikombe alivyoshinda enzi za Malkia Viktoria, na kila jioni aliweka kiti uwanjani, akatazama watu wakicheza.

— Alikimbia akawa wa kwanza, alisema Agapiti, aliyeitwa Katekista kwa kuwa alisoma misheni. Mpira, wa kwanza. Kuruka, ngumi, makasia, wa kwanza!

— Mtu mmoja? Kaimu aliguna. Mshika mawili moja humponyoka. Huyu kashika matano!

— Labda walikuwa ndugu watano, alisema Swalehe, aliyejiita Gavana. Wazungu si wanafanana? Huyu anakimbia, yule anapiga ngumi, vikombe vinaletwa nyumba moja. Haba na haba hujaza kabati.

— Hapo umenena! Na huyu wetu ndiye aliyekuwa akiwafulia jezi!

Wakacheka. Kwa mara ya kwanza siku ile, kahawa ilimshuka Kaimu vizuri.

— Lakini hakupokea hata senti, alisema Katekista. Alicheza kwa heshima tu. Kwao, huyo ndiye muungwana.

— Na mimi nani amenilipa? Miaka yote nacheza bure, miguu peku, jezi ya kuazima. Yeye akicheza bure ni muungwana. Mimi nikicheza bure, mke wangu ananiita mvivu!

— Yeye shamba lake lililimwa na wengine, bwana.

— Basi nilimieni na mimi!

— Tulia, Risasi. Mwenda pole hajikwai.

— Mkimbiaji unamwambia aende pole?

— Mimi nimesikia alishindana na treni, alisema Gavana.

— Akaishinda?

— Treni ilisimama kunywa maji. Yeye hakusimama.

— Kesho mtasema alishindana na mvua, akafika kwake mkavu!

Mwamina, mama mmoja wa kijiji cha Lionja aliyekuwa akisubiri lori la Ruangwa, alitua mfuko wake wa ufuta.

— Ndugu zangu, huyu Risasi ndiye mkimbiaji wenu?

— Ndiye, mama. Hapa hana mwenziwe.

— Na huyo mzee amewahi kumwona akikimbia?

Katekista alitazama ndani ya kikombe chake. Gavana alikohoa. Wote walijua kwamba tangu mzee yule aanze kuja uwanjani, Kaimu hakukanyaga huko. Leo goti, kesho homa. Lakini Kaimu alijua zaidi yao. Aliogopa kwamba mzee angemtazama mara moja tu, kisha akageuka kutazama wengine.

Filimbi ililia uwanjani. Kaimu alivua makubazi yake, akayaweka juu ya gogo.

— Bashiri, niangalizie.

— Na goti?

Kaimu alitembea mpaka kwenye kona, pale uwanja unapoanza kuonekana. Hapo akaanza kukimbia.