Glavu Kwenye Mkono Mzima

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu la mbao mbele ya karakana ya Spana, fundi baiskeli. Meza ni kreti lililopinduliwa, na juu yake birika la kahawa ambalo asubuhi huchemka na mchana hupozwa na maneno. Wenye benchi ni wanne. Spana mwenyewe hukaa ukingoni, mikono ikifanya kazi huku masikio yakila umbea. Kamusi, karani mstaafu, hajapata kutamka neno “sijui” tangu azaliwe. Breki aliendesha lori miaka mingi, na mpaka leo kila jambo huliona linaelekea korongoni. Wa nne ni Refa, aliyechezesha mechi za mtaa tangu enzi akiwa na nywele. Kazi zake kijiweni zilikuwa mbili: kumimina kahawa na kukata maneno. Akisema faulo ni faulo, mnahamia mada nyingine. Tangu apigwe na kiharusi, mkono wake wa kulia umelala, maneno yanamtoka kwa kukwamakwama, na mabishano ya kijiwe hayana wa kuyapulizia kipenga.

Asubuhi hiyo Refa aliletwa na binti yake, amevaa glavu ya golikipa. Moja tu. Tena ilikuwa kwenye mkono wa kushoto, ule mzima, imefungwa kamba ya kiatu kwenye kifundo.

Binti huyo yuko chuo kikuu, anasomea sayansi ya michezo, mazoezi na kurudisha viungo kazini. Kijiwe kinamwita Profesa, kwa utani mwanzoni, kwa fahari baadaye. Alikuwa na begi mgongoni.

— Shikamooni, baba zangu. Likizo imekwisha, narudi chuo. Nawaachia mgonjwa wangu.

— Marahaba, Profesa. Mbona umemfunga mwenzetu kama mwizi?

— Mkono mzima umefungwa ili huu mgonjwa ufanye kazi. Mkono haujafa, baba. Umekosa mazoea tu, na ukiendelea kulala, ubongo utausahau kabisa. Kwa hiyo kila siku mpaka adhuhuri glavu isitoke. Mwalimu wetu amemwona, amekubali.

— Na kikombe atashikiwa na nani? akauliza Spana.

— Hatashikiwa na mtu. Hasa na wewe, ba’mdogo.

Akacheka kidogo ili lisiume, lakini liliuma. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba mchana kutwa baba yake yuko nao, si nyumbani, kwa hiyo wakimwonea huruma, mkono ndio unakwenda hivyo. Akambusu Refa kwenye upara, akakimbilia gari.

Spana alibaki ameshika tyubu asijue aishike wapi. Miezi yote ile yeye ndiye aliyekuwa mkono wa kulia wa Refa. Alimshikia kikombe, akampulizia kahawa, akamfuta kidevu kwa kitambaa alichokifua mwenyewe na ambacho hakikuruhusiwa kugusa grisi. Hakuombwa na mtu. Alimpenda Refa tangu wote wawili wakiwa na magoti mazuri, na siku ile alipomkuta ameanguka mlangoni alilia mbele za watu. Sasa anaambiwa hasa wewe.

Wakati huo mama mmoja alifika akikokota baiskeli yenye pancha. Spana akamwonyesha kigoda, akaichomoa tyubu, akalitafuta tundu kwenye ndoo ya maji. Breki naye akaanza.

— Mimi nasema hivi. Yule mtoto amekosea mkono.

— Amekoseaje? Profesa yule!

— Profesa kitu gani? Siku waliyofundishwa kulia na kushoto alikuwa anaumwa. Mgonjwa wa kulia, bandeji kushoto! Nyinyi mliona wapi?

— Breki, akasema Kamusi huku akikaa vizuri, wewe ulisoma mpaka wapi?

— Mpaka barabara ilipoishia.

— Basi nyamaza ufundishwe. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Ndiyo maana kauvisha glavu.

— Nani alitaka kuulamba?

— Methali haiulizwi maswali. Na walisema tena, fahali wawili hawakai zizi moja. Mikono miwili, mwili mmoja. Mmoja lazima afungwe kamba.

— Mbona yangu miwili inakaa na haijapigana?

— Kwa sababu yote mivivu.

Refa akacheka upande mmoja wa mdomo. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya paja, kiganja juu. Spana akaikwangua tyubu kwa msasa, kwa nguvu kuliko pancha ilivyohitaji.

— Lakini chuo kikuu, jamani! akasema Breki. Mtu anakwenda chuo kikuu kusomea mazoezi! Mimi nimepanda na kushuka lori maisha yangu yote. Digrii yangu iko wapi?

— Digrii yako ni hicho kiuno kinacholia kama bawaba.

— Cheka tu. Mimi naiona njia hii inakoelekea. Leo glavu moja. Akirudi likizo, glavu mbili, maana na huu wa kushoto utakuwa umeshalala kwa kukaa gizani. Halafu soksi. Halafu kamba ya mdomo. Mwisho wake tunamnywesha Refa kahawa kwa mrija, na yeye kule chuoni anapigiwa makofi.

— Hujaelewa sayansi, akasema Kamusi. Ubongo ni ofisi. Mkono wa kulia ni mfanyakazi aliyekaa likizo mpaka kiti chake kikapewa mwingine. Sasa Profesa kamsimamisha kazi yule mwingine, ili wa kwanza arudishwe kitini.

Maneno haya yalikaribia sana ukweli, na laiti Kamusi angeishia hapo angekufa na heshima yake.

— Na ndiyo maana wazee wetu walivaa kofia, akaendelea. Ofisi isivujiwe.

— Ee bwana wee!

— Tena asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Hapa ni mkono, Kamusi!

— Mwanzo ni mkono. Guu linafuata.

Spana alipaka gundi, akaipuliza. Alikuwa anamtazama Refa, ambaye alikuwa anakitazama kikombe chake mezani. Kile kikombe Spana alikuwa amekijaza tangu asubuhi kwa mazoea, na hakuna aliyekigusa. Refa aliusogeza mkono wa kulia kidogo, vidole vikagusa ukingo wa kreti, vikateleza, vikaanguka. Moyo wa Spana nao ukaanguka.

— Mnaona? akasema. Mnaona jamani? Mtu anakufa kwa kiu mbele ya kahawa yake!

Refa akafungua mdomo. Shingo ikamsimama mishipa, sauti ikaja nusu, ikakwama.

— Anasema amechoka, akasema Breki.

— Anaomba miwani, akasema Kamusi.

— Anasema tumvue! akasema Spana. Aliliamini hilo kwa sababu ndilo alilokuwa analitaka yeye.

Refa akafunga mdomo. Alikuwa ameuzoea mchezo huo: kila akianza sentensi, watu watatu wanaimaliza, kila mtu na mwisho wake.

— Basi tupige kura, akasema Kamusi. Mimi nasema ibaki. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

— Mimi nasema itoke, akasema Breki. Amri ya mtoto haipandi mlima.

— Hiyo si methali.

— Itakuwa. Spana, kura yako.

Spana akajifuta mikono kwenye suruali, akapiga magoti mbele ya Refa, akaishika ile kamba ya kiatu. Fundo lilikuwa limefungwa vizuri; binti yule alijua anamwachia nani. Akaanza kulilegeza kwa kucha.

— Samahani, baba zangu, akasema mama wa baiskeli kutoka kwenye kigoda chake. Mimi nasubiri tyubu tu, mambo yenu siyajui. Lakini huyo mwenye mkono, yeye anasemaje?



Breki alimtazama Kamusi. Kamusi akamtazama Spana. Walikuwa wamebishana juu ya kichwa cha mtu toka asubuhi, mtu mwenyewe yupo katikati yao, wanagusana naye mabega. Spana akaona aibu inampanda mpaka masikioni. Akaiachia kamba.

— Refa, akasema. Unatakaje, ndugu yangu?

Refa akavuta pumzi.

— Ku...

Kamusi akafungua kinywa. Breki akamfinya.

— Ku... mi...

Jamani, kusubiri ni kazi! Spana angeweza kufunga gurudumu zima katika muda ule. Maneno kumi yalimjia ulimini, yote mazuri, akayameza moja baada ya jingine. Mama wa baiskeli aliinua kiganja, kama anayezuia kuku wasitoke bandani.

— Ku... mi... mina, akasema Refa.

Hakuna aliyeuliza tena. Hakutaka kunyweshwa, wala kuvuliwa glavu. Alitaka kumimina. Ilikuwa kazi yake kabla hawajamnyang’anya kwa upendo.

Spana akaligusa birika. Kwa mabishano yale lilikuwa limepoa, hata likimwagika halitamuunguza mtu. Akaliweka mbele ya Refa, mpini ukimwelekea, akapanga vikombe vitatu vitupu. Halafu hakujua mikono yake aipeleke wapi, kwa hiyo akaikalia.

Mkono wa kulia ukapanda polepole. Vidole vikaupapasa mpini, vikaukosa, vikarudi. Jasho likamtoka Refa kwenye upara. Kule kwenye glavu mkono wa kushoto ulikuwa unarukaruka kutaka kusaidia, na Spana akaona kwamba wako wawili wenye ugonjwa huo. Birika likainuka upana wa kidole, likainama. Kahawa ikapita kikombe cha Kamusi bila kukisalimu, ikaingia kidogo kwenye cha Spana, halafu ikapiga kreti, ikakimbia mpaka ukingoni na kumwagikia suruali ya Breki.

— Mama yangu! Breki akaruka.

Birika likashuka kwa kishindo. Lilikuwa tupu. Refa akaupumzisha mkono, akaangalia lile ziwa mezani, akaangalia suruali ya Breki. Halafu ule mkono ulioitwa mfu ukainuka tena, nusu tu, ukitetemeka, kidole kikaelekezwa pembeni ya kreti.

— Kona, akasema Refa.

Neno zima. Halikukwama, na hakuna aliyelimaliza kwa niaba yake.

— Kona gani? akafoka Breki. Hii ni faulo! Ona suruali yangu!

— Keti, akasema Kamusi, naye alikuwa anafuta macho. Uamuzi wa refa haupingwi.

Breki akaketi na suruali yake mbichi, huku akicheka. Spana alikichukua kikombe chake. Mlikuwa na kahawa ya kufunika kitako tu, baridi, yenye mashapo. Akainywa yote taratibu, kisha akalikaza upya lile fundo la kamba, vizuri, kama lilivyoachwa.

— Na tyubu yangu? akauliza mama wa baiskeli.

— Inakuja, mama, akasema Spana. Ngoja kwanza nibandike birika jingine. Refa wetu bado ana vikombe viwili vya kumimina.