Goti Limerudi, Mguu Umepoa

Zlatina: Haloo, mama Pena, heri ya Mtakatifu Georgi. Nyama imeiva au bado mnapuliza moto?

Stamat: Si Pena.

Zlatina: Ni nani? Haloo? Nasikia zumari tu.

Stamat: Ni mimi, Zlati. Usikate.

[Ngoma kwa mbali.]

Zlatina: Kwa hiyo sasa tunatumia simu za majirani.

Stamat: Ya kwangu si uliifungia. Sikupigii tugombane, binti yangu. Nisikilize kidogo tu, halafu ukitaka—

Zlatina: Niko kazini. Nina mgonjwa kitandani ananisubiri.

Stamat: Ni Mladen.

Zlatina: Mladen amefanya nini?

Stamat: Goti. Lakini limerudi, usiogope, limerudi mahali pake, nimeliona kwa macho yangu. Ni vile tu—

Zlatina: Subiri. Mladen yuko kambini Sofia. Mchujo wa timu ya taifa ni mwezi huu.

Stamat: Alikuja jana.

Zlatina: Kufanya nini?

Stamat: Sikukuu. Mtu haruhusiwi kuja kwao sikukuu?

Zlatina: Amecheza mieleka hapo. Mtoto anayesubiri timu ya taifa ameshindana kwenye majani ya mbuzi, yenye mashimo ya fuko.

Stamat: Ameshinda, Zlati. Jitu limetoka huko chini Haskovo, mara mbili yake, na amelibwaga. Ungeona. Kapewa kondoo dume, ana shada la maua shingoni, watu wanampiga picha—

Zlatina: Nani alimwita aje?

[Mkwaruzo.]

Stamat: Mtandao huku mbaya.

Zlatina: Nakusikia vizuri kabisa.

Stamat: Sasa goti lenyewe, Zlati—

Zlatina: Haya. Aliumiaje?

Stamat: Alimnyanyua, akageuka naye, mguu mmoja ukabaki umenasa chini. Jitu likamwangukia hapo hapo kwenye goti, kwa mbele. Likatoa sauti. Wapiga ngoma wenyewe waliacha. Lakini mgongo uliogusa chini ni wa yule jamaa, kwa hiyo ushindi ni—

Zlatina: Achana na ushindi. Ni pia ya goti iliyohama pembeni, au mguu mzima?

Stamat: Pia ni ile ya juu, inayochezacheza?

Zlatina: Hiyo.

Stamat: Basi si hiyo. Mguu mzima. Huku chini kulikwenda kwake, na paja likabaki kwake.

Zlatina: Saa ngapi hiyo?

Stamat: Saa saba. Kabla ya nyama.

Zlatina: Sasa hivi ni saa kumi kasorobo.

Stamat: Ndiyo, muda unakwenda.

Zlatina: Na mmekuwa wapi tangu saa saba?

Stamat: Kwa mzee Radul. Si ndiye anayerudisha mifupa.

[Mlango unafungwa upande wa Zlatina.]

Stamat: Zlati? Umekata?

Zlatina: Nimefunga mlango. Kwa hiyo amelala kwenye benchi lile lile mlilonilaza mimi, chini ya mzabibu.

Stamat: Ndilo analo. Ungetaka anunue jingine?

Zlatina: Mmempa rakia, pombe kali ile.

Stamat: Kidogo, ya maumivu. Nyingine tumelowekea kitambaa. Kisha chumvi ya moto, kisha ngozi ya kondoo, tukakaza vizuri. Kila kitu kama inavyotakiwa. Goti limekaa, amecheka hata, ametania jitu la watu. Ni vile sasa anasema vidole havisikii. Ganzi. Hiyo ni kawaida, si ndiyo? Wewe unashinda na magoti ya watu huko, niambie tu ni kawaida nimpe supu.

Zlatina: Usimpe supu. Usimpe kitu chochote mdomoni, hata maji. Fungua ngozi.

Stamat: Ngozi hukaa siku tatu, Radul husema—

Zlatina: Fungua ngozi, toa na chumvi. Sasa hivi, mimi nipo hapa, nasikia.

Stamat: Haya, haya. Pena, shika hapa. Taratibu. Mladen, ni dada yako, anasema tufungue. [Kishindo, sauti za chini.] Anakusalimia. Anauliza kama umesikia ameshinda.

Zlatina: Mwambie nimesikia. Mguu una rangi gani?

Stamat: Ya mguu.

Zlatina: Baba.

Stamat: Mweupe. Mweupe kama jibini.

Zlatina: Na ule mwingine?

Stamat: Ule mwekundu, mchafu, wa kawaida.

Zlatina: Shika miguu yote miwili kwa pamoja. Kuna tofauti?

Stamat: Mmoja wa moto. Huu... si kwamba ni baridi sana. Labda ni kitambaa, kilikuwa na rakia, rakia hupoza. Au sivyo?

Zlatina: Weka vidole juu ya mguu, katikati, kabla ya kufika vidoleni. Kuna mshipa hapo. Tafuta mapigo. Usibonyeze sana.

Stamat: Hapa... hapa... Upo! Unapiga, Zlati. Unapiga vizuri kabisa, kama nyundo. Ah, umenitisha bure, mama. Pena, unapiga—

Zlatina: Umetumia kidole gani?

Stamat: Kidole. Gumba.

Zlatina: Hayo ni mapigo yako.

Stamat: Yangu vipi? Nimeshika mguu wake.

Zlatina: Gumba lina mapigo yake lenyewe. Umejisikia mwenyewe, na moyo wako unakwenda mbio. Tumia vile viwili vinavyofuata. Jaribu kwanza ule mguu usioumia, ili ujue unatafuta nini.

[Zumari linaanza tena, linanyamaza.]

Stamat: Ule mzima nimeupata.

Zlatina: Sasa huu.

Stamat: Natafuta.

Zlatina: Tafuta.

Stamat: Pengine sipajui mahali. Nina vidole vya jembe mimi, sisikii vitu vidogo. Pena, njoo ujaribu wewe. [Kimya.] Pena naye hapati. Nenda pembeni, nijaribu tena.

Zlatina: Inatosha.

Stamat: Ngoja, kama nimesikia—

Zlatina: Hujasikia. Sogea asikusikie. Umesogea?

Stamat: Nipo langoni.

Zlatina: Nyuma ya goti unapita mshipa mkubwa wa damu, ndio unaolisha mguu wote wa chini. Goti likitoka namna hiyo, mshipa unavutika, unaweza kuchanika ndani au kuziba. Mguu wake haupati damu.

Stamat: Si kano? Mimi nilijua ni kano. Lako lilikuwa kano.

Zlatina: Kano ingekuwa bahati leo. Kano ikikatika wanachukua kipande cha kano nyuma ya paja, wanakushonea nyingine, miezi tisa ya mazoezi, unarudi. Gegedu likipasuka wanalishona, au wanakata kipande. Hayo yote hata ukisubiri mwezi, yanasubiri. Damu haisubiri. Misuli ina saa sita, tangu saa saba. Ikipita hapo...

Stamat: Ikipita hapo nini?

[Kimya.]

Stamat: Zlati, ikipita hapo nini?

Zlatina: Gari la wagonjwa umeita?

Stamat: Pena alipiga. Wanasema liko kijiji cha juu, kuna mtu kaanguka na farasi, tusubiri.

Zlatina: Hakuna kusubiri. Mje wenyewe. Na msiende hospitali ya hapo mjini kwenu, hawana daktari wa mishipa, mtapoteza muda mkiandikishwa. Njooni moja kwa moja hapa Plovdiv. Umekunywa?

Stamat: Leo nani hajanywa.

Zlatina: Nani hapo hajanywa?

Stamat: Padri labda... hapana, padri nimemwona. Pena hajanywa, ana vidonge vya presha.

Zlatina: Pena aendeshe.

Stamat: Pena anaendesha trekta, binti yangu.

Zlatina: Basi gari lako la Niva ataliweza. Lisogeze langoni.

Stamat: Kondoo yumo nyuma.

Zlatina: Mshushe.

Stamat: Ni wa Mladen, amefungwa na—

Zlatina: Mshushe kondoo, baba!

[Mbali: mlango wa gari, kwato.]

Stamat: Ameshuka.

Zlatina: Tafuta ubao. Mfunge mguu na ubao, usitikisike, na goti msilinyooshe kwa nguvu, libaki lilivyo. Msiuinue juu ya mto, uwe sawa na mwili. Msiupashe moto, msiusugue. Wewe kaa nyuma umshikilie.

Stamat: Ubao upo. Ubao, mguu sawa na mwili, hakuna moto. Nimeelewa.

Zlatina: Mimi nashuka sasa hivi kumtafuta daktari wa mishipa, nitawasubiri mlangoni. Mtakapofika atauliza mambo matatu: limetoka saa ngapi, lilielekea wapi, na nani alilivuta, kwa namna gani. Jibuni bila kuzunguka. Anataka kujua walilivuta moja kwa moja au walilizungusha.

Stamat: Mwambie ni Radul.

Zlatina: Radul mwenyewe anajua alivyovuta. Mpe simu.

Stamat: Amelala.

Zlatina: Mtu mchana wa sikukuu, uani kwake kuna kelele zote hizo, amelala?

Stamat: Mzee yule. Amechoka.

Zlatina: Mgongee.

Stamat: Zlati, mguu nimeshafunga, tunapoteza muda—

Zlatina: Ndiyo, tunapoteza. Mgongee Radul.

[Mkwaruzo. Simu inalia mlio mdogo wa chaji.]

Stamat: Simu ya Pena inaisha moto.

Zlatina: Baba. Nani alivuta?

Stamat: Alitoka, Radul. Alimwangalia Mladen hapo benchini, hakumgusa hata. Akaniambia, mpeleke Plovdiv. Nikamwambia wewe ni mtu wa namna gani, miaka yote umerudisha mifupa ya kijiji kizima, leo mwanangu ndiye unamkataa? Akasema, tangu yule msichana wako sijashika goti la mtu. Akaingia ndani akafunga komeo.

Zlatina: Endelea.

Stamat: Na Mladen analia. Anasema baba, mchujo, baba, wakijua hospitali watanitoa kwenye orodha. Na mguu umekaa vile. Nimemwona Radul akifanya mara ngapi? Nikasema mbona najua. Pena akamshika mabega, mimi nikashika kifundo. Nikavuta.

Zlatina: Moja kwa moja, au ulizungusha?

Stamat: Moja kwa moja. Likaingia. Niliona limeingia, Zlati, alicheka, nilimwambia umeona, baba yako bado yumo. Ni mimi niliyeuchana huo mshipa?

Zlatina: Sijui.

Stamat: Niambie tu.

Zlatina: Unaweza kuwa ulichanika alipoanguka. Unaweza kuwa ulichanika ulipovuta. Hakuna mtu atakayejua, hata atakayemfungua.

Stamat: Unasema hivyo unipoze roho.

Zlatina: Sikupozi roho. Nimekuwa na hasira na wewe tangu nilipovua jezi ya timu, na bado ninayo, na leo sina muda nayo. Mlangoni useme: nilivuta mimi, baba yake, moja kwa moja, mara moja. Rudia.

Stamat: Nilivuta mimi.

Zlatina: Yote.

Stamat: Nilivuta mimi, baba yake. Moja kwa moja. Mara moja. Na kabla ya hapo nilimwita mimi. Alisema kocha amemkataza, nikamwambia wazee wa hapa wananicheka mmoja mmoja, eti mwanangu hashindani kwao. Nilimwita mimi, Zlati.

Zlatina: Najua.

Stamat: Nani kakwambia?

Zlatina: Hakuna aliyeniambia. Mmemwingiza garini?

Stamat: Tunamwingiza. Shika, shika kiuno, Pena. Kichwa. Haya. [Pumzi nzito. Mlango.] Nipo nyuma naye. Mguu uko mapajani mwangu, sawa na mwili.

Zlatina: Simu yako mwenyewe unayo?

Stamat: Ninayo mfukoni, haina kazi. Namba yako haipiti.

Zlatina: Itapita. Nafungua sasa hivi. Hii ikizima, piga kwa hiyo, kila mkivuka kijiji.

Stamat: Sawa.

Zlatina: Kitu cha mwisho, nimwambie daktari. Mwambie achezeshe vidole.

Stamat: Mladen, dada yako anataka uchezeshe vidole. Vya huu. Anasema tayari. Anavichezesha.

Zlatina: Yeye ndiye anasema. Wewe unaona nini?

[Gari linawaka, linazima, linawaka tena.]

Zlatina: Baba?

Stamat: Ananiuliza kama vinacheza.

Zlatina: Mungu wangu.

Stamat: Ananitazama usoni, Zlati. Nimwambie nini?

Zlatina: Pena aende. Mwambie Pena aende, asisimame popote.

Stamat: Nenda, Pena. [Mlio wa chaji.] Vinacheza, mwanangu. Naviona. Vinacheza vyote vitano, dada yako amefurahi kwel—