Mlio wa Bunduki ya Oddvar

Katika basi letu la kwenda Rena, anayemsemesha mtu asiyemjua ama amelewa ama ana machungu. Mzee aliyeketi mbele yangu, aliyejitaja kuwa Oddvar, hakunuka pombe.

"Wenzangu wa uwindaji wamenipa sharti, mama," alimlalamikia jirani yake wa kiti. "Nisipofunga kizuia sauti kwenye bunduki, Jumamosi nibaki nyumbani."

"Si ukanunue? Hakitaki kibali. Kununua divai ndiyo kazi."

Kweli hiyo. Nchini kwetu divai huuzwa na duka la serikali tu, nalo hufungwa kila ukilihitaji.

"Hivyo ni vya majambazi wa sinema! Mwanamume akifyatua, bonde zima lisikie."

"Tulisikia, baba. Vuli iliyopita, ng'ambo ya mto, risasi saba mfululizo. Mbwa wangu akaingia chini ya kitanda, nami nikabandika sufuria nikingoja mgao wa nyama."

Shingo ya Oddvar ikaiva nyekundu. "Siku hiyo kulikuwa na upepo."

"Kumbe ni wewe!" Mama alicheka mpaka dereva akatutazama kwenye kioo. "Kifaa hicho hakitakufundisha kulenga. Ila ukikosa, mtajua wewe na kulungu tu."

Basi likasimama mbele ya duka la bunduki. Mlango ukafunguka. Oddvar aliinuka nusu, akaketi tena.

"Nitashuka kituo kijacho," alisema.

"Hiki ndicho cha mwisho," dereva akajibu, akazima injini.