Maikrofoni Iliyonipita Kaburini

Bwana asifiwe, kanisa! Wale mmeitikia, Mungu awabariki. Na wale mmekaza midomo kwa sababu mmesikia mama wa maigizo amepewa maikrofoni, nawasalimu pia. Leo mtanisikia.

Mimi ni Naomi, fundi wa nguo hapa Kitale. Wengi mnanijua, hizo sare za kwaya nilishona mimi. Zamani nilikuwa naongoza sifa hapa mbele na sauti yangu ilikuwa inafika barabarani. Halafu mume wangu, Wekesa, akafa. Alikuwa dereva wa trekta. Asubuhi alikunywa chai yake na chumvi kidogo, vile alipenda, akaenda shambani kulima. Trekta ikapinduka kwenye mteremko, ikamlalia.

Tulimzika kwao, Myanga. Ndugu zangu, mnajua mazishi yetu. Maikrofoni ilienda kwa shemeji, ikaenda kwa wazee wa boma, ikaenda kwa waheshimiwa waliokuja kutafuta kura. Mheshimiwa mmoja alimwita mume wangu Silas. Silas! Akamsifu huyo Silas wake mpaka watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa kando ya jeneza nikingoja zamu yangu. Nilitaka kusema kidogo tu: kwamba aliitwa Wekesa, kwamba hakuwahi kuniinulia mkono, na kwamba watoto wetu walipokuwa wadogo alikuwa anafua nepi zao nje, mchana, na anayecheka acheke. Mawingu yakaanza kufunga upande wa mlima. MC akatazama juu, akasema, "Mama ataongea siku ingine, si mnaona mvua inakuja?" Wakamshusha kaburini. Hiyo siku ingine hakuna mtu aliniitia.

Tangu hapo koo langu likafunga. Kuzungumza na wateja niliweza, bei ya suruali niliitaja. Lakini nikisimama mbele ya watu kuomba, hakuna kitu kinatoka. Daktari aliangalia, akasema koo ni zima. Wengine wenu mlikuja nyumbani kunifundisha kwamba Mkristo wa kweli hakai na msiba muda mrefu. Mimi nilikaa nao. Niliwakasirikia watu, nikamkasirikia na Mungu, na Mungu hakunifukuza. Bwana wetu mwenyewe alilia kwenye kaburi la rafiki yake, na sijasikia mtu akimwambia afanye haraka.

Sasa hayo maigizo yanayosemwa vibaya. Kuna kikundi kidogo hapa mjini, watu wachache tu, wanafanyia mazoezi nyuma ya mashine ya kusaga mahindi. Mkubwa wao ni Barasa, aliyekuwa akifundisha watoto drama shuleni. Alikuja kwangu anataka nguo za mchezo kuhusu familia inayomzika kijana wao. Nikashona. Kabla waanze kuuonyesha, msichana aliyekuwa acheze mjane akapata kazi kwingine, akaenda. Barasa akaniomba nishike nafasi yake. Nikamwambia mimi siwezi kusema mbele ya watu. Akasema, "Mjane hana maneno, mama. Unakaa tu kando ya sanduku." Nikajibu kwamba hiyo kazi naijua vizuri kuliko yeye.

Tukaonyesha hapa Kitale. Waheshimiwa wa mchezo walipokuwa wananyang'anyana maikrofoni, watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilikaa pale kimya na hasira imenijaa, kwa sababu nilikuwa nimezika mume mmoja mara mbili bila neno.

Halafu tukaenda Bungoma, si mbali na Myanga, kwenye ukumbi karibu na soko. Nilipotokea jukwaani nikaona watu wa Myanga wamejaa viti vya mbele. Shemeji yuko hapo. Mama mkwe yuko hapo na kitambaa chake cheupe. Mchezo ukafika kaburini, na mvua ya kweli ikaanza kupiga mabati. Yule kijana anayecheza MC akasema maneno yake: "Mama ataongea siku ingine, mvua inakuja."

Ndugu zangu, nilisimama! Haikuwa kwenye mchezo. Barasa ananong'ona huku pembeni, "Kaa chini, mama, kaa." Sikukaa. Niliichukua maikrofoni mkononi mwa kijana. Ilikuwa ya bandia, haina waya wala betri, na mvua inanguruma juu yetu. Nikafungua kinywa bila kujua kama kuna kitu kitatoka. Nikasema, "Mume wangu hakuwa Silas. Aliitwa Wekesa." Ikatoka! Ikashinda mvua. Nikasema na zile nepi. Shemeji akainama akatazama viatu vyake. Mama mkwe akasimama pale mbele ya watu wote, akasema, "Huyo ni mtoto wangu anatajwa. Endelea, mama."

Nikaendelea mpaka nikamaliza. Nililia mbele ya watu waliolipa kiingilio, na mimi siombi msamaha kwa hilo. Bwana alinifungua koo jukwaani, kando ya sanduku la mbao lisilo na maiti. Kama ningengoja anifungue mahali ambapo nyinyi mnapaona pa heshima, ningekuwa bubu mpaka leo. Barasa amebadilisha mchezo wake. Siku hizi mjane anasema kwanza, kabla ya waheshimiwa.

Mzee wa kanisa, naona unanionyesha saa. Saa nimeiona. Pale nyuma ameketi dada yetu Eunice. Jumamosi anamzika mume wake kule Naitiri. Alikuja kwangu kupimwa nguo nyeusi, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nadhani atapewa nafasi ya kusema. Mwanamke anamwuliza fundi wa nguo ruhusa ya kumtaja mume wake!

Dada, mtumaini Mungu. Aliyenitoa mimi hapo hawezi kushindwa na MC. Jumamosi tutakuja Naitiri, mimi na Barasa na kikundi chote, na mvua ikinyesha tutanyeshewa pamoja. Lakini tusingoje Jumamosi. Hii maikrofoni hapa ina betri, nimehakikisha. Njoo uishike, utuambie aliitwa nani.