Kibao cha Mwakani Bado Kiko Ukutani

Tarehe 30 Juni Orrin Kettunen anafunga miaka thelathini na mmoja ya kuitumikia timu yetu ya mpira wa Kimarekani hapa Duluth. Miaka yote hiyo amekuwa katika idara ya maskauti, yaani watafuta vipaji, na yote ameipitisha ndani ya koti lilelile la kijani ambalo mkewe, Aune, ameapa kulichoma moto asubuhi ya Julai mosi.

Alikuja kama skauti wa muda wa majimbo ya Dakota. Kazi yenyewe ilikuwa kuendesha gari kwenye theluji mpaka viwanja vya vyuo vidogo, kukaa peke yake juu ya viti vya chuma, na kuandika kama kijana fulani anacheza vizuri au anakimbiakimbia tu. Leo anaondoka akiwa skauti mkuu. Waliosafiri naye wanamjua kwa mambo mawili: hapendi redio garini, na hawezi kupita duka la samaki wa moshi bila kusimama. Gari la ofisi alilolirudisha mwezi uliopita limeoshwa na kuoshwa tena, na bado linanuka samaki.

Wenzetu wa dobi na wa tiketi, ambao mpira wenyewe hawaufuatilii sana, wameomba ielezwe kidogo kwa nini jina la Orrin linakwenda pamoja na vibao. Iko hivi. Kila mwisho wa Aprili timu zote hupanga foleni kuchagua vijana wanaotoka vyuoni. Iliyofanya vibaya kuliko zote husimama mbele, bingwa husimama nyuma, na foleni hiyo hurudiwa raundi kwa raundi. Ukiwa nyuma na umemtamani kijana ambaye hatakufikia, unaweza kununua nafasi ya timu iliyo mbele. Bei ambayo kila mtu hupenda kulipa ni zamu zake za kuchagua za mwaka ujao, maana hizo hazionekani. Tena katika kazi hii kuna mazoea ya siku nyingi kwamba zamu ya raundi ya kwanza ya mwakani huhesabiwa kama ya raundi ya pili ya leo. Orrin husema hesabu hiyo ilitungwa na watu wenye njaa.

Hakuanza na msimamo huo. Miaka ishirini na kitu iliyopita yeye ndiye aliyeshikilia kwamba timu isogee mbele kumchukua mdakaji wa pasi Dontrell Mabry. Tulikuwa tumetoka kwenye msimu mzuri. Kila mtu aliamini kwamba mwaka utakaofuata tutakuwa tena mkiani mwa foleni, kwa hiyo zamu tunayoitoa si kitu. Orrin alimwambia meneja wa wakati ule kwamba Omaha, timu iliyotuuzia nafasi yake, tunawapa mifupa. Mabry alikuwa mzuri kama alivyosema. Ila msimu uliofuata walinzi wetu waliumia mmoja baada ya mwingine, tukafungwa mpaka mashabiki wakaja uwanjani wamejivika mifuko ya karatasi vichwani, na ile mifupa ikageuka kuwa zamu ya tatu kutoka mbele. Omaha waliitumia kumchukua beki aliyewaangusha chini kwa miaka warushaji wetu, wale wanaoanzisha kila pasi. Mpaka leo ukimuuliza Orrin atakujibu kwamba Mabry alikuwa mtu sahihi, bei ndiyo hakuna aliyeitazama.

Mwaka uliofuata aliingia na vibao. Kwenye chumba cha uchaguzi kuna ukuta wa chuma, na kila kijana wa chuoni ana kibao chake cha sumaku chenye jina. Orrin akaongeza safu moja ya chini kabisa, ya vibao visivyo na jina, vimeandikwa mwaka na raundi tu. Akaweka na sharti, ambalo mameneja watatu wamelikubali: anayetaka kuuza zamu ya mwakani ainuke kwenye kiti, aende ukutani, akibandue kibao kwa mkono wake mbele ya wote, ndipo simu ipigwe. Wanaokaa chumbani humo wanasema wameona wanaume wakubwa wakiinuka kwa kishindo, kisha wakifika ukutani wanakumbuka kwamba walikuwa wanakwenda kuchukua kahawa.

Si kwamba alikuwa bahili. Kuna mwaka alibandua mwenyewe kibao cha raundi ya nne, huku anapiga mluzi, tukasogea hatua chache tukampata Gus Wieczorek, ambaye amesimama katikati ya mstari wetu wa mbele mpaka ndevu zimeanza mvi. Kwa bei ndogo, na kwa kijana ambaye idara nzima imekubaliana, Orrin hana neno.

Idara yenyewe haijawahi kukubaliana juu ya jambo hili, na haifai gazeti hili kujifanya imekubaliana. Kocha Wade Stoudt anaamini kwamba mechi hushindwa na mtu mmoja wa pekee, na mtu wa namna hiyo huwezi kumkuta nyuma ya foleni. Vijana watatu wa wastani, anasema, wanajaza benchi vizuri. Orrin hamkatalii. Anachosema ni kwamba macho ya kumjua huyo wa pekee kabla hajacheza hayajapatikana, na yeye ameyatafuta maisha yake yote.

Basi ikaja Aprili hii, ambayo wote tulijua ni ya mwisho kwake.

Kulikuwa na mrushaji anaitwa Micah Tollefsrud, wa chuo kidogo upande wa Moorhead. Orrin alimwona kwanza akiwa bado sekondari, anarusha mpira kwenye upepo unaokata masikio, na tangu siku hiyo aliacha kuficha kwamba amempenda. Miaka yote Orrin amezunguka bara zima kutafuta warushaji wa kwa watu, na sasa amepatikana mmoja aliyekulia kwenye baridi kama yetu. Zamu yetu ilikuwa ya kumi na tisa. Omaha walikuwa wa saba, na walikuwa tayari kuuza kwa bei hii: zamu yetu ya mwaka huu, na raundi ya kwanza na ya pili za mwakani.

Sisi wa jikoni tulikuwa tunaingiza supu ya mchele mwitu, kwa hiyo tuliyasikia. Meneja wetu Lorna Beckstrand aliweka simu mezani akamwambia Orrin kwamba safari hii neno ni lake, akisema twende, tunakwenda. Kocha Stoudt, ambaye kila mtu anajua mkataba wake unaisha Januari, alimgeukia akitabasamu.

"Mzee, huyu ni mwanao, umemlea kwa macho. Inuka ukabandue hicho kibao, tukale supu."

Orrin aliinuka. Alitembea mpaka ukutani, akasimama mbele ya kibao cha raundi ya kwanza ya mwakani, akakishika. Kibao kilikuwa kimekaa upande. Akakinyoosha, akakiacha palepale, akarudi.

"Mwakani mimi nitakuwa navua samaki," alisema. "Ni rahisi mno kula chakula cha mtu ambaye bado hajafika."

"Na mimi mwakani nitakuwa wapi?" Kocha aliuliza, na safari hii hakutabasamu.

"Sijui, Wade. Ndiyo maana mimi na wewe ndio tusiopaswa kukishika."

Lorna aliirudisha simu mahali pake. Timu nyingine ikainunua zamu ile ya saba, ikamchukua Micah. Jina liliposomwa Orrin alipiga makofi, yeye tu mle chumbani, kisha akalivuta bakuli lake, akaila supu iliyopoa mpaka mwisho bila kumtazama mtu. Zamu yetu ilipofika tulimchukua mlinzi wa kutoka Iowa, mpole, ambaye jikoni tayari tunampikia sufuria yake.

Kama tulipatia, hakuna ajuaye. Micah anaweza kuwa mrushaji wa kizazi kizima, na watu wa Duluth watalisema hilo kila wakikutana kwenye foleni ya mkate. Orrin anajua kwamba watalisema. Amewaambia maskauti wake wasimtetee.

Jikoni tutamkumbuka kwa jambo dogo. Asubuhi moja ya theluji kubwa, vituo vya kulelea watoto vilipofungwa, mtoto wa mwandishi wa mistari hii aliletwa kazini ndani ya kikapu cha nguo. Orrin alimchukua akaingia naye kwenye kikao, akawaambia watu wapunguze sauti, kwamba huyu ni raundi ya kwanza ya mwaka ambao bado hawajauandikia kibao. Mtoto alilala begani mwake kikao kizima. Lile koti la kijani lilitapikiwa maziwa, na yeye hakulibadilisha. Aune, labda hiyo ni sababu ya kutolichoma.

Wiki iliyopita watu wa usafi walifuta ukuta wa chumba cha uchaguzi, na kibao cha mwakani kikakaa upande tena. Tulipopita na kahawa asubuhi tulimkuta Kocha Stoudt mbele yake, peke yake, mkono umeinuliwa. Alikinyoosha, akarudi nyuma hatua moja kutazama kama kimekaa sawa, akatoka.

Asante, Orrin, kwa macho yako, kwa subira yako, hata kwa harufu ya gari lako. Ziwa likupe barafu nene ya kukalia ukivua wakati wa baridi na samaki wengi wakati wa joto, na Aune akupe koti jipya. Aprili ijayo kutakuwa na mtu kwenye kiti chako, na atakuta chakula mezani. Kuwa na maisha mema, mzee wetu, na uje siku hiyo uonje.

Marit Sandnes, jikoni, ghorofa ya chini