Sindano za Daktari Lin na Meza ya Bwana: Maisha ya Elisaria Ndetaulwa Lyimo

Ndugu, jamaa na majirani mliokusanyika hapa mtaani Gerezani leo, Jumamosi tarehe 11 Juni 1977, mimi ni Eliasi Ndetaulwa Lyimo, kaka wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, nami nitayasoma kama yalivyokuwa, pamoja na sehemu ambayo wengine walishauri iachwe.

Marehemu Elisaria alizaliwa Mamba, Kilimanjaro, tarehe 14 Agosti 1924, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Ndetaulwa Lyimo na Mama Ndeshukurwa, akabatizwa mwaka huohuo, akasoma shule ya misheni ya hapo Mamba tangu 1933 hadi alipomaliza darasa la sita mwaka 1939, kisha akamsaidia baba katika kahawa. Januari 1947 alishuka Dar es Salaam kwa lori la mizigo, akapata kazi ya kujaza magodoro katika duka la Bwana Kanji, Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, yaani kupiga sufi kwa fimbo, kutoa mbegu na kushindilia, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na zaidi, na mwaka 1969 alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha ushirika cha washona magodoro hapa Gerezani.

Tarehe 26 Desemba 1951 alifunga ndoa na Agnesi Mtui wa Mwika, wakajaliwa watoto watatu, Celina, Anaeli na Sofia, ambao wote wako hapa.

Kikohozi kilimwanza mwaka 1961, akapimwa kifua kikuu mara kadhaa bila kukutwa nacho, hatimaye madaktari wakamweleza kwamba mapafu yameharibiwa na vumbi la sufi na kwamba ugonjwa huo ni wa kudumu. Kufikia mwaka 1970 alikuwa analala ameketi, ameegemea ukuta, na Agnesi ameketi karibu naye akisikiliza pumzi zake.

Mwaka huo jirani yetu Mrisho, dereva katika ujenzi wa reli, alimpeleka kwenye zahanati ya kambi ya mafundi wa Kichina, kwa Daktari Lin Guoqing, na nitaje kwamba Lin ndilo jina la ukoo, kwao hutangulia. Daktari huyu alimchoma sindano nyembamba kifuani, mikononi na miguuni, akambandika vikombe vya kioo mgongoni, akampa mizizi ya kuchemsha katika chungu, michungu hata Mrisho alidai kwamba ugonjwa utakimbia wenyewe. Hakumwahidi kupona, alimwambia aendelee na dawa za hospitali na aachane na sufi, naye marehemu akahamia kwenye kushona vitambaa. Baada ya miezi michache alianza kulala kitandani kama watu wengine, na Agnesi naye akalala.

Februari 1972, mzee wa kanisa Wilbert Shao alikuja kuchukua godoro lake, akamkuta marehemu amevua shati kwa ajili ya joto, akaona mgongoni zile alama za mviringo ambazo waganga wanaoumika kwa pembe huziacha, na kila mtu wa mji huu anazijua. Akamuuliza, "Elisaria, umekwenda kuumikwa?" Marehemu akajibu, "Ndiyo, kwa Mchina." Wilbert akasema, "Mchina au Mzaramo, pembe ni pembe." Marehemu akamwambia, "Si pembe, mzee, ni vikombe vya kioo," lakini Wilbert alikuwa amekwisha kujitwika godoro lake, na mwezi huohuo baraza la wazee likamtenga marehemu na Meza ya Bwana kwa kosa la kwenda kwa mganga, mpaka atubu mbele ya usharika na kuacha.

Agnesi, ambaye ndiye aliyekuwa akichemsha ile mizizi, aliogopa kwamba mumewe angezikwa bila mchungaji, akamsihi, "Baba Celina, sema neno moja tu, lipite." Alimjibu mbele yangu, "Nikitubu kwamba nimelala usingizi, Mama Celina, nitakuwa nimesema uongo madhabahuni." Hakuacha kwenda ibadani, alikaa benchi la nyuma, na wengine walipokwenda mezani kupokea mkate na divai yeye alibaki ameketi.

Mwanzoni mwa 1975 Mchungaji Aristides alihamia usharika wetu, akawauliza wazee ni nani kati yao aliyeona kwa macho yake tiba ile, na kwa kuwa hakuna aliyeiona akamtuma Wilbert. Wilbert alikaa zahanati asubuhi nzima, akamkuta fundi wa Kichina amebandikwa vikombe vilevile, akauliza daktari ananuiza maneno gani anapochoma, akaambiwa anamuuliza mgonjwa kama inauma. Alirudi barazani akasema, "Nilichokiona ni hospitali," akaja mwenyewe nyumbani kumpa marehemu habari kwamba adhabu imeondolewa bila toba, akasema, "Nisamehe, Elisaria, niliona mgongo sikuuliza kifua," na Sikukuu ya Pasaka, tarehe 30 Machi 1975, marehemu alikwenda mezani.

Mwisho wa mwaka huo kambi ilifungwa na Daktari Lin akarudi kwao. Mizizi aliyoiacha iliisha, usingizi ukapungua, na marehemu akarudi kuegemea ukuta, ingawa dawa za hospitali hakuziacha. Nilimuuliza kama angependa tiba ile ingeendelea muda kidogo, akasema angependa, lakini kubwa kwake ni kwamba hatakufa akiwa nje ya Meza ya Bwana. Tarehe 3 Juni mwaka huu alilazwa Muhimbili, Mchungaji akamletea Meza kitandani, na Alhamisi tarehe 9 Juni 1977 alifariki, Agnesi akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Muhimbili, Daktari Lin Guoqing popote alipo, Bwana Mrisho, wanachama wa ushirika wa magodoro, majirani wa Gerezani na Kariakoo, na Mzee Wilbert Shao, ambaye amekesha nasi tangu msiba ulipotokea. Mwili utaondoka jioni hii kwenda Mamba, na Mchungaji Aristides anasafiri pamoja nasi, ataongoza mazishi mwenyewe, hivyo, Mama Celina, lile uliloliogopa halikutokea.

Elisaria, mdogo wangu, pumzika sasa, katika amani ya Bwana uliyemngoja.